Mlilipa Nauli Kuja Kuona Sare

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwa wachezaji na wazazi wa kilabu chetu cha sataranji hapa Eastlands, Nairobi. Waliozuiwa na mvua wameniomba niiandike. Nimeiandika kama nilivyoisema, ila picha za ubao nilizokuwa nikionyesha ukutani nimeziacha. Mwenye ubao nyumbani autoe, apange kete, afuate.

Wazazi wetu, walimu wenzangu, wachezaji wakubwa kwa wadogo, hamjambo?

Hamjambo tena? Wale wa nyuma naona bado mandazi hayajashuka. Nitawasamehe.

Naanza na malalamiko. Jumapili iliyopita, kama saa kumi na mbili kasoro robo jioni, ndani ya ukumbi huu huu, ilikuwa imebaki meza moja. Wachezaji 46 walioanza mashindano, 44 walikuwa wamekwisha kukunja karatasi zao. Mezani walibaki wawili ambao tangu Ijumaa hawakuwa wamepoteza hata nusu pointi: ndugu yetu kondakta wa matatu, mnayemjua kwa sauti yake, na binti yetu wa kidato cha tatu. Huyu ana tano kwa tano, yule ana tano kwa tano. Raundi ya sita. Atakayeshinda anabeba kombe, hakuna hesabu nyingine. Mlikuwa mmesimama juu ya viti ambavyo nimewakataza kusimama juu yake. Na baada ya karibu saa tatu na hatua 62, wale wawili wakapeana mikono. Sare.

Mlifanya nini? Mliguna. Ukumbi mzima uliguna kama stima zimepotea. Mmoja alipiga mluzi. Na mama mmoja, ambaye simtaji kwa sababu ameketi safu ya pili na ananitazama hivi sasa, akaniambia: "Mwalimu, nimelipa nauli ya kuja na ya kurudi, ndiyo nione sare?"

Halafu ikawa mbaya zaidi. Tukatoa kikokotoo. Wote wawili wana tano na nusu, kwa hiyo tukajumlisha pointi za wapinzani ambao kila mmoja alikutana nao, na kondakta akapita kwa nusu. Kombe likaenda kwa hesabu. Binti akatabasamu. Nyinyi hamkutabasamu.

Mama, nilikuahidi jibu. Jibu lenyewe limekuwa refu, ndiyo sababu nimekuletea chai.

Hebu tulitazame neno lenyewe kwanza. Sare. Kwetu neno hili lina nyumba mbili. Januari ikifika, mzazi gani hapa hajui sare? Sweta, kaptula, soksi zenye mstari, na duka lile ambalo ni lazima ununue kwao. Sare ni watu wawili kuvaa nguo moja usijue nani mtoto wa nani. Na kwenye mchezo, sare ni hivyo hivyo: mwisho wa siku wamevaa namba moja. Mpira ukiisha bila bao tunasema sare tasa. Tasa! Gor Mahia na AFC Leopards wanaweza kukimbizana dakika 90, mtu akatoka na goti limechubuka, halafu sisi tunasema hakikuzaliwa kitu.

Lakini watangazaji wetu wa mpira wana neno jingine, na hilo ndilo ninalolipenda. Husema timu hizi "zimetoshana nguvu". Sikilizeni vizuri. Kutoshana. Nguo inakutosha, kiatu kinakutosha, na siku moja mpinzani naye anakutosha. Huwezi kutoshwa na mtu ambaye hajajinyoosha hadi kimo chako. Kondakta wetu hajawahi kuzuiwa na mtu katika ukumbi huu mwaka mzima. Jumapili alizuiwa.

Sasa nendeni pale stejini, kwenye drafti. Mnajua ubao ule wa mbao uliochorwa kwa kalamu, visoda vya huyu vimelala chali, vya yule kifudifudi. Wale wazee wakifika mahali kila mmoja amebaki na kingi yake na hawawezi kukamatana, wanafanyaje? Wanavuruga ubao kwa kiganja, wanapanga upya. Hakuna anayeandika. Mchezo ule umekufa kama haukuwahi kuchezwa. Sisi kwenye sataranji tunaandika. Kila hatua, kwa mkono wako, na chini kabisa unaandika nusu kwa nusu na mnatia sahihi wote wawili. Kwa hiyo mchezo wa Jumapili upo. Nimeubeba hapa mfukoni, hatua 62, na tutaufikia.

Kabla hatujaufikia, twendeni London.

Tarehe 8 Oktoba 2000. Garry Kasparov ni bingwa wa dunia tangu 1985. Miaka 15. Vijana, hebu mjaribu kuwaza mtu aliyekaa kileleni miaka 15 na kila anayemkaribia anaanguka. Anayekaa mbele yake ni Vladimir Kramnik, umri miaka 25. Na huyu si mgeni kwa Kasparov. Mwaka 1992 walikuwa timu moja ya Urusi kwenye Olimpiadi ya sataranji kule Manila, Kramnik akiwa kijana wa miaka 16. Mwaka 1995, Kasparov alipotetea taji dhidi ya Anand kule New York, Kramnik alikuwa miongoni mwa wasaidizi wake. Alikula chungu kimoja na mwalimu. Alijua mwalimu anapenda nini.

Na mwalimu alipenda nini? Alipenda moto. Alipenda malkia wote wawili wakiwa ubaoni, mfalme wa mwenzake amebanwa, kete zinaruka. Ukimpa Kasparov moto, umekwisha.

Mchezo wa kwanza, Kasparov ana weupe. Nifuateni polepole: herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari wake. Nyeupe wanasogeza askari wa mbele ya mfalme, e4. Nyeusi wanajibu e5. Farasi mweupe anaruka f3, anamtishia yule askari wa e5. Farasi mweusi anakuja c6, anamlinda. Askofu mweupe anakwenda b5, anamkodolea macho mlinzi. Hapo ndipo tunaita ufunguzi wa Kihispania, au Ruy López, kwa jina la kasisi wa Hispania aliyeandika kitabu cha sataranji mwaka 1561. Mpaka hapo kila mtoto wa kilabu hiki anajua. Si ndiyo?

Sasa nyeusi, badala ya kumfukuza askofu kwa askari wa pembeni kama tulivyozoea, anatoa farasi wa pili, f6. Huo ndio ulinzi wa Berlin. Ulikuwa umezeeka. Mabingwa wa karne ya kumi na tisa waliucheza, halafu kwenye meza kubwa ukawekwa kabatini kama shati la babu. Kramnik akalifungua kabati mbele ya dunia nzima.

Nyeupe anamficha mfalme nyuma ya ngome. Farasi mweusi anamla askari wa e4. Nyeupe d4. Farasi anarudi d6 na kumgusa askofu. Askofu anamla farasi wa c6, askari mweusi wa d anamla askofu. Nyeupe anakula e5, farasi anakimbilia f5. Na sasa, hatua ya nane, malkia mweupe anamla malkia mweusi pale d8, na mfalme mweusi mwenyewe anainuka kumla yule malkia.

Simameni hapo. Tazameni ubao. Malkia wote wawili wamo kisandukuni na bado hatujafika hatua ya tisa. Ule moto wa Kasparov uko wapi?

Na tazameni nyeusi alivyochakaa. Mfalme wake yuko d8, katikati ya barabara, na hawezi tena kufichwa kwa ile hatua ya ngome. Ana askari wawili wamepandana kwenye safu ya c. Kule upande wa mfalme, nyeupe ana askari wanne dhidi ya watatu. Ukizitoa kete nyingine zote mkabaki na wafalme na askari peke yao, mara nyingi nyeupe atashinda: wanne wale watazaa malkia mpya, na wale wanne weusi wa upande wa pili, kwa sababu wawili wamepandana, hawazai. Tasa, sasa hapo neno limefika kwake.

Basi mtu na akili zake anachagua vipi kuishi humo?

Nawaambia. Nyeusi ana maaskofu wawili, nyeupe ana mmoja. Yule askari mweupe wa e5 amesimama kwenye mraba mweusi, na miraba myeupe inayomzunguka, e6 na f5, imebaki kama nyumba zisizo na mwenyewe. Nyeusi anahamia. Na mfalme? Malkia hayupo, nani atamkimbiza? Katika mchezo ule mfalme wa Kramnik alitembea taratibu hadi c8, baadaye b7, kisha akarudi c8, kama mzee anayekagua shamba jioni. Askofu wake wa miraba myeusi hakutoka f8 hata mara moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ngome yake ya pembeni ilitoka kwa kupitia nyuma ya askari wa h. Hakuna uzuri hapo. Mimi mwenyewe nilipoupitia mara ya kwanza nilidhani nimeruka ukurasa. Baada ya hatua 25, Kasparov hakuona mlango. Wakakubaliana sare.

Watu waliguna London kama mlivyoguna nyinyi? Sikuwapo. Ninachojua ni kilichofuata. Mchezo wa pili Kramnik alikuwa na weupe, akashinda. Wa tatu, Kasparov ana weupe, Berlin tena, sare. Wa tisa, Berlin, sare. Wa kumi Kramnik akashinda tena. Wa kumi na tatu, Berlin, sare. Mara nne mwenye taji aligonga ukuta ule, mara nne hakupita. Na ndiyo, wameuita ukuta wa Berlin. Wajerumani wenyewe waliubomoa wao mwaka 1989, huu wa ubaoni ukasimamishwa miaka 11 baadaye.

Mashindano yalipangiwa michezo 16. Wa 16 haukuhitajika. Kramnik ameshinda 2, sare 13, na Kasparov hakushinda hata mmoja. Hata mmoja! 8½ kwa 6½. Taji la miaka 15 lilichukuliwa na mtu aliyetoa sare 13.

Mama wa safu ya pili, bado tuko pamoja? Asante.

Msije mkanielewa vibaya vijana mkaenda nyumbani mkasema mwalimu amesema sare ni ushindi. Sikusema. Zipo sare za aibu, na moja ni yangu. Nitaisimulia mara moja tu, na yeyote atakayeirudia atafagia ukumbi.

Nilikuwa kijana. Mashindano yalikuwa mjini, raundi ya nne, na nilipangwa na mtu ambaye jina lake lilikuwa likitajwa kwa sauti ya chini. Aliingia amechelewa dakika kumi, akavua koti, akaliweka juu ya kiti taratibu, hata hakunitazama. Nilikuwa na weupe. Akacheza Berlin hiyo hiyo. Mimi nilipofika hatua ya nane nikafurahi sana kubadilishana malkia, nikajiambia: malkia wametoka, hatari imetoka, huyu bwana hawezi kuniaibisha. Mnaona kosa? Nilichagua njia ile ile ya Kasparov, lakini nikiwa natafuta mahali pa kulala.

Ajabu ni kwamba yeye ndiye aliyekosea. Mahali kama hatua ya 28 alimpeleka farasi wake pembeni akakosa njia ya kurudi. Wale askari wangu wanne wakaanza kutembea. Ngome yangu ikashika safu iliyo wazi. Nilikuwa na dakika 22, yeye ana tisa. Na moyo wangu ukaanza kwenda mbio kana kwamba mimi ndiye ninayekimbizwa. Nikasogeza askari, nikamtazama kwa mara ya kwanza, nikasema: "Sare?"

Hakuniacha nimalize neno. Mkono wake ulishafika.

Ni baadaye, tumesimama kwenye ngazi, ndipo akaniambia kwa upole kabisa: "Kijana, ungeipeleka ngome e7 ningeachia hapo hapo." Akanionyesha kichwani, bila ubao, hatua sita. Farasi alikuwa amekufa. Nilitembea kutoka mjini, nikapita Muthurwa, nikaifuata Jogoo Road yote kwa miguu huku mvua inaninyeshea, na nauli nilikuwa nayo mfukoni. Sikutaka tu kukaa karibu na mtu.

Mchezo ule kwenye karatasi umeandikwa nusu kwa nusu, sawasawa na ule wa London. Mtu akisoma matokeo peke yake hataona tofauti. Ndiyo maana nawaambia siku zote, leteni karatasi, msiniletee matokeo.

Na wakubwa nao huogopa, au huchoka, au hupiga hesabu zao. Moscow, Septemba 1984, Karpov, aliyekuwa bingwa, na Kasparov walianza kugombea taji kwa sharti la ushindi sita, sare hazihesabiwi. Karpov akaongoza nne bila baada ya michezo tisa. Ungedhani wiki mbili zimebaki. Zikafuata sare 17 mfululizo. Kumi na saba! Februari 1985 walipofika mchezo wa 48, sare zikiwa 40, rais wa FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, alisimamisha kila kitu, Karpov akiwa na ushindi tano na Kasparov tatu, na hakuna aliyepewa. Wakarudia baadaye mwaka huo huo kwa michezo 24 tu, na Kasparov akashinda 13 kwa 11. Mnaulizwa mtihani: sare zile 17 zilikuwa woga au ukuta? Mimi huona kijana wa miaka 21 aliyebanwa, anayekataa kuanguka usiku baada ya usiku mpaka mkubwa wake anachoka. Wengine hapa wataniambia zilichosha tu. Tutabishana kwenye chai.

Ya 2018 nilikasirika wazi. London tena, Magnus Carlsen, aliyekuwa bingwa, na Fabiano Caruana, michezo 12, sare 12, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwenye mashindano ya taji la dunia. Mchezo wa kwanza ulikwenda hatua 115, hapo sina neno. Lakini wa 12, Carlsen ana hali nzuri, ana muda zaidi, hatua ya 31 akaomba sare. Nilikuwa nafuatilia kwenye simu ndani ya matatu, nikapiga kelele hadi abiria wakageuka. Niliiona ile ngazi ya mjini. Halafu mwenzangu Carlsen akaenda kwenye michezo ya haraka, akashinda mitatu kwa sifuri. Alikuwa amepima nguvu zake zilipo, mimi siku ile nilikuwa nimepima tu woga wangu. Bado sikuipenda.

Na mwaka 2021 huyo huyo Carlsen na Hikaru Nakamura, kwenye mashindano ya mtandaoni, walitoa wafalme wao mbele, wakarudisha nyuma, wakatoa tena, hatua sita, sare, huku wanacheka. Wote walikuwa wameshafuzu. Atakayenifanyia hivyo humu ndani atanunua sukari ya kilabu muhula mzima.

Kuna sare moja zaidi, ndogo. Iko kwenye meza ya watoto, Jumamosi ya wiki jana, na hamkuiona kwa sababu mlikuwa mnaangalia wakubwa. Mtoto wa miaka tisa amebaki na mfalme peke yake, kwenye kona, h8. Mwenzake ana mfalme, malkia, na askari watatu wanaotembea. Mtoto yule angeweza kuachia. Kaka yake alikuwa anamfanyia ishara aachie waende nyumbani. Hakuachia. Akaendelea kusogeza mfalme wake mmoja mmoja, mara g8, mara h8. Mwenye malkia akawa na haraka, akamketisha malkia g6 kwa kishindo, akapiga saa. Mtoto akatazama. Akatazama tena. G8 hawezi, g7 hawezi, h7 hawezi. Na hakuna anayemshambulia pale alipo. Mfalme amekwama, hajashindwa. Akainua mkono kumwita mwamuzi, na sauti ikamkauka.

Zamani Uingereza, hadi mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, kulikuwa na sheria kwamba aliyemkwamisha mwenzake hivyo ndiye anayehesabiwa ameshindwa. Mtoto yule nimemwambia angezaliwa mapema angepata pointi nzima. Amekasirika kwamba alichelewa.

Sasa mchezo wetu. Naombeni karatasi, iko hapa.

Kondakta alikuwa na weupe. Binti akacheza Berlin, na naapa sikumwambia. Nilikuwa nimemwambia acheze kitu kingine, kwa sababu nilijua kondakta ameisoma. Hatua ya nane, malkia nje. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema "haya, wamekubaliana hawa". Hapo ndipo walikuwa wanaanza.

Kondakta alicheza vizuri, na nasema hivi mbele yake. Hatua ya 23 alimtoa askari wake bure ili afungue safu, na mpaka leo sijui kama ni sahihi. Kufikia hatua ya 40 alikuwa na askari wawili zaidi, e5 na f4, wamesimama bega kwa bega, mbele yao njia nyeupe. Kila mtu humu alidhani imekwisha. Mimi pia. Niliinuka kwenda kulitoa kombe kabatini.

Binti alikuwa amebaki na nini? Mfalme na askofu wa miraba myeupe. Kondakta ana mfalme, askofu wa miraba myeusi, na wale wawili. Maaskofu hao hawawezi kukutana hata wakicheza hadi Krismasi, kila mmoja ana barabara yake. Binti akamkalisha mfalme wake e6, mbele ya askari wa kwanza. Askofu wake akamweka mbali, kwenye mstari unaofika f5. Kisha akanyamaza. Askari wa e hawezi kusonga kwa sababu mfalme amekalia mlango. Askari wa f akisonga analiwa. Mfalme mweupe akazunguka kushoto, akazunguka kulia, akajaribu kumfukuza askofu, askofu akasogea mraba mmoja kwenye mstari ule ule. Hatua 20 nzima kondakta alizunguka nyumba ile akijaribu kila dirisha. Muda wa binti ulikuwa unashuka hadi sekunde 40, unapanda, unashuka. Mara tatu msimamo ule ule, na kwa sheria hiyo ni sare. Akaandika hatua yake, akasimamisha saa, akamwita mwamuzi.

Na kitu ambacho hamkukiona kwa sababu mlikuwa mnaguna: kondakta hakuomba sare hata mara moja. Yeye sare ilimtosha, kwa hesabu ya wapinzani alishajua kombe ni lake. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakuomba. Akaniambia, "Mwalimu, gari haliegeshwi kama bado kuna abiria."

Kuanzia muhula huu, basi, kamati imekubaliana jambo moja, na sheria za FIDE zinawaruhusu waandaaji kulifanya: katika mashindano yetu hakuna kukubaliana sare kabla ya hatua ya 30. Baada ya hapo ukitaka kuomba, unasogeza kete kwanza, unasema, ndipo unapiga saa. Unaomba mara moja. Humuulizi mwenzako kila dakika kama mtoto anayetaka kwenda msalani. Msimamo ukijirudia mara tatu, au mfalme akikwama, hiyo ni haki yako hata hatua ya kumi, mwite mwamuzi.

Nimemaliza maneno. Mwenyekiti ananionyesha saa.

Sasa naomba vijana wanne waondoe viti hivi vya mbele, walete meza ile ya dirishani na ubao mkubwa. Kondakta, njoo. Binti yangu, njoo, wewe kaa upande wa weusi kama Jumapili. Pangeni hadi hatua ya 23, pale alipomtoa askari bure. Na mama wa safu ya pili, kiti hiki hapa karibu na ubao ni chako, nimekihifadhi tangu asubuhi. Kila atakapocheza, muulize kwa nini.